Kwa nini Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia Julai, ilhali Nowruz ya Iran ni Machi?

Mdadisi wa Tanga

Ndugu zangu, salaam alaikum.

Katika kusoma habari za kalenda za pwani nimekutana na jambo ambalo waandishi wengi hulipita juu juu. Huelezwa kwamba Mwaka Kogwa unaoadhimishwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, pamoja na Siku ya Mwaka iliyokuwa ikiadhimishwa katika miji mingi ya pwani, Mombasa na Lamu zikiwamo, ni mwaka mpya wa Kiajemi ulioletwa na Washirazi, na kwamba jina lake jingine, Nairuzi, linatosha kuwa ushahidi. Maelezo huishia hapo, na msomaji hutakiwa aridhike.

Mimi sikuridhika, kwa sababu Wairani husherehekea Nowruz yao tarehe 20 au 21 Machi, na hata Umoja wa Mataifa mwaka 2010 uliitambua tarehe 21 Machi kuwa siku ya kimataifa ya sherehe hiyo. Makunduchi huoga mwaka mwezi Julai. Tofauti iliyopo ni ya karibu miezi minne, na siamini kwamba watu walioweza kuvuka bahari kwa kufuata nyota wangeweza kupoteza miezi minne njiani. Je, wazee wetu waliisogeza siku hiyo kwa makusudi ili ilingane na misimu ya huku, au sherehe hizi mbili zinachangia jina tu na hazina uhusiano mwingine? Mwenye ujuzi wa hesabu ya miongo, yaani ya makundi ya siku kumi kumi, naye naomba atueleze ilikuwa ikihesabiwaje.

Mwalimu wa Falaki

Wa alaikum salaam, ndugu Mdadisi. Swali lako lina jibu, na jibu lenyewe linawashangaza wengi: aliyeisogeza Nairuzi ni Muajemi mwenyewe, na pwani yetu ndiyo iliyobaki na hesabu ya kale.

Kalenda ya Uajemi wa zamani ilikuwa na mwaka wa siku 365 kamili, yaani miezi 12 ya siku 30 kila mmoja, na siku tano za nyongeza zilizohesabiwa nje ya miezi. Haikuwa na mwaka mrefu kama huu wetu ambao Februari huongezewa siku moja. Jua, hata hivyo, halikamilishi mzunguko wa misimu kwa siku 365 kamili, bali kwa siku 365 na karibu robo. Kwa hiyo kila ikipita miaka minne, mwaka wa aina hiyo huwa umeitangulia misimu kwa siku moja, na katika miaka mia huwa umeitangulia kwa siku 24 hivi. Ukiitazama Nairuzi kwa kalenda ya ukutani utaiona inarudi nyuma polepole, kutoka Juni kwenda Mei, kutoka Mei kwenda Aprili, na kuendelea hivyo mpaka ikamilishe duru nzima kwa muda wa karibu miaka 1,500.

Miaka ya kalenda hiyo ilihesabiwa tangu kutawazwa kwa Yazdegerd wa Tatu, mfalme wa mwisho wa Wasasani, ukoo uliotawala Uajemi kabla ya Uislamu, na siku ya kwanza ya mwaka wake wa kwanza ilikuwa tarehe 16 Juni 632 kwa kalenda ya Kirumi ya wakati huo. Anzia hapo uhesabu mwenyewe. Karibu na mwaka 1000 utaikuta Nairuzi imefika Machi, wakati ambapo usiku na mchana hulingana. Karibu na mwaka 1490 utaikuta katikati ya Novemba. Mwaka 1870, ukiongeza siku 12 za tofauti kati ya kalenda hiyo na hii yetu ya leo, utaikuta kwenye tarehe 23 Agosti au jirani yake, na katika miaka hii yetu utaikuta katikati ya Julai.

Sasa tazama walichofanya Waajemi. Mwaka 1079, katika utawala wa Sultani Malik Shah wa Waseljuki, jopo la wanafalaki ambalo Omar Khayyam alikuwa mmoja wao lilitengeneza kalenda mpya iliyoitwa Jalali, na Nowruz ikafungwa kwenye siku ambayo jua huvuka ikweta kuelekea kaskazini. Kalenda rasmi ya Iran ya leo, iliyopitishwa mwaka 1925, imejengwa juu ya msingi huo. Huko siku ilisimamishwa. Mahali pengine ambapo mwaka wa kale uliendelea kutumika, siku haikusimama. Mahali hapo ni pamoja na jamii za Wazoroasta, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi. Wale wanaoitwa Qadimi huanza mwaka wao katikati ya Julai, na mwaka 2024 waliuanza tarehe 16 Julai. Wale wa Shahanshahi, ambao ndio wengi miongoni mwa Maparsi wa India, huuanza siku 30 baadaye, kwa kuwa mababu zao waliwahi kuongeza mwezi mzima katika hesabu. Zanzibar yenyewe iliwahi kuwa na jamii ya Maparsi, kwa hiyo si jambo la mbali nasi. Anayetaka kuipima Makunduchi, basi, asiipime kwa Tehran. Aipime kwa Wazoroasta wa Qadimi, naye ataona kwamba wote wanakutana Julai.

Shahidi mwingine ni Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Kianglikana Zanzibar. Katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1870, aliiweka Siku ya Mwaka mwishoni mwa Agosti. Tangu 1870 hadi 2024 tarehe 29 Februari imetokea mara 38, maana mwaka 1900 haukuwa mwaka mrefu. Toa siku 38 kwenye tarehe 23 Agosti, nawe utafika 16 Julai.

Bint Kusini

Ahsante, Mwalimu. Mimi ni mtu wa Makunduchi, nami nitaeleza yanayofanyika, kwa kuwa wengi huijua siku hii kwa picha za watalii, na picha hizo karibu zote ni za wanaume wanaopigana.

Jina lenyewe linajieleza: siku hiyo mwaka huogwa. Watu hujitosa baharini kuondoa mambo ya mwaka uliopita, kisha huvaa vizuri na kuelekea uwanjani. Huko makundi mawili ya wanaume hukabiliana na kupigana kwa mashina ya migomba. Wazee husimulia kwamba zamani zilitumika fimbo, na mgomba ulikuja baadaye kupunguza madhara. Asiyewahi kuushika mgomba hudhani ni mchezo wa kitoto, lakini shina bichi limejaa maji, ni zito, na likimpata mtu mgongoni sauti yake husikika mbali. Mfupa hauvunjiki kirahisi, ila shati halitoki salama, kwa sababu utomvu wa mgomba ukikauka kwenye nguo huacha doa la kahawia ambalo sabuni yoyote haiwezi kulitoa. Ndiyo maana wenye busara huenda na nguo kuukuu. Aliyekuwa na kinyongo na mwenzake kwa mwaka mzima hukimaliza hapo, na baada ya hapo haifai mtu kulirejea neno hilo.

Wanawake nao wana sehemu yao, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kuandikwa zaidi kuliko ile ya migomba. Wakiwa wamejipamba kwa kanga, huzunguka wakiimba, na nyimbo zao haziwaonei haya wanaume. Mna kejeli na mafumbo ambayo mgeni hawezi kuyaelewa hata kama anakijua Kiswahili, maana humlenga mtu fulani wa mtaa fulani aliyefanya jambo fulani. Kisha hujengwa kibanda cha makuti, mtu mmoja huingia ndani, na kibanda hutiwa moto. Mtu huyo huchomoka upande wa pili kabla moto haujakolea, na macho ya watu yote huhamia kwenye moshi, kwani unakoelekea hutazamwa kama dalili ya mwaka utakavyokuwa.

Baada ya hapo ni chakula na ngoma, na sherehe huweza kuchukua siku nne. Ni aibu kwa mwenye nyumba kukosa mgeni siku hizo. Wenyeji huamini kwamba nyumba isiyopata mgeni haina heri, kwa hiyo ukifika Makunduchi bila kumjua mtu utajikuta umeitwa mezani na watu usiowajua majina.

Naomba niongeze jambo kuhusu huyo Steere aliyetajwa. Yeye alieleza pia kwamba siku hiyo moto wa zamani ulizimwa na mpya ukawashwa kwa kupekecha vijiti viwili, na kwamba zamani za kale hata damu iliyomwagika siku hiyo haikufuatiliwa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo magomvi ya zamani yalipiganwa yakaisha. Mgomba wetu wa leo ni mabaki ya sheria hiyo kali.

Mvita

Kwa upande wa Mombasa, nawakumbusha kwamba siku ya mwisho ya mwaka ilikuwa na jina lake. Iliitwa kibunzi, na wengine hutamka kigunzi. Wanaosimulia sherehe hizi huanza moja kwa moja na kuoga asubuhi, wakasahau kwamba ulikuwapo mkesha wake.

Kwetu na kwa jirani zetu wa Lamu sura ya mambo ilikuwa tofauti kidogo na ya Makunduchi. Kiini chake kilikuwa ng'ombe, ambaye huzungushwa mji huku watu wakisoma na kuomba dua, kisha huchinjwa na nyama yake kuliwa pamoja. Makusudio yalikuwa kuukinga mji na maradhi na mabalaa katika mwaka unaoingia. Utaona kwamba hapo kisomo cha Kiislamu kimeingia ndani kabisa ya jambo ambalo halikuanza na Uislamu, na jambo hilo ndilo lililoleta mvutano. Wako mashehe waliolikemea kwa hoja kwamba sikukuu za Muislamu ni Idi mbili tu, na kwamba kuagua mwaka kwa moshi au kwa ng'ombe ni kumshirikisha Mungu. Wako waliolinyamazia kwa kuwa waliliona ni desturi ya mji, yenye sadaka na dua ndani yake.

Sipendi kuuingiza mjadala huu katika mabishano ya dini, ila nimeutaja kwa sababu unaeleza kwa nini siku hii imefifia katika miji mikubwa ya pwani na kubaki na nguvu katika vijiji kama Makunduchi. Sababu nyingine naiona ni kwamba mjini hakuna tena mkulima wala nahodha anayehitaji kuijua. Mshahara huja kwa Januari na Februari.

Mdadisi wa Tanga

Mwalimu, hesabu yako imenitosheleza. Lakini imezua swali jingine. Ikiwa mwaka huu hauendi sambamba na misimu, ulimfaa nini mkulima au baharia? Mtu anayeamua siku ya kupanda angewezaje kuitegemea kalenda inayohama?

Mzee Kaskazi

Swali hilo nitalijibu mimi, mwanangu, kwa kuwa nimelelewa na watu wa majahazi, na baadaye nikafanya kazi miaka mingi Oman, ambako nilikuta hesabu inayoshabihiana na yetu.

Kwanza fikiria ni kalenda gani nyingine waliyokuwa nayo. Walikuwa na miezi ya Kiislamu, ile ambayo sisi huihesabu tangu mfunguo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, hadi mfunguo tisa. Mwaka huo una siku 354 au 355, kwa hiyo hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka. Kwa ibada ndio wenyewe, lakini kwa shamba na bahari haufai, maana mfunguo tatu ya mwaka huu ikiwa katika masika, baada ya miaka michache itakuwa katika kiangazi. Mwaka wa Nairuzi hurudi siku moja tu kwa miaka minne. Mtu akianza kulima akiwa na miaka 20 na akaendelea mpaka 60, katika umri wote huo Nairuzi itakuwa imehama siku kumi. Mvua yenyewe hukawia au kuwahi kwa zaidi ya hizo. Kwa maisha ya mtu mmoja, basi, kalenda hiyo ilikuwa imara vya kutosha.

Hesabu ya miongo ni nyepesi. Tangu Siku ya Mwaka siku huhesabiwa kumi kumi, na kila kumi moja ni mwongo. Miongo 36 ni siku 360, na tano zinazobaki hufunga mwaka. Miongo kumi ikitimia ni mia, kwa hiyo mtu huzungumzia mia ya kwanza, mia ya pili na mia ya tatu. Tukichukua Nairuzi ya katikati ya Julai, mia ya kwanza hutimia katika wiki ya nne ya Oktoba, wakati wa mvua za vuli; mia ya pili hutimia mwanzoni mwa Februari, kaskazi ikiwa imeshika; na mia ya tatu hutimia karibu na tarehe 12 Mei, masika ikielekea ukingoni na upepo umegeuka kuwa wa kusi. Nahodha hakuhitaji zaidi ya hapo. Aliyechelewa kuondoka na kusi alijua kwamba ipo miongo ambayo bahari ya Arabuni huchafuka na haiingiliki, na kwamba akiikosa nafasi yake atasubiri.

Kule Oman na Ghuba yote wanayo hesabu wanayoiita durur. Wao huanza kuhesabu katikati ya Agosti, inapochomoza nyota ya Suhaili, na huhesabu kumi kumi, wakikusanya mia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha siku 60, na mwisho siku tano za ziada. Nyota haihami kama Nairuzi, na hiyo ndiyo tofauti kubwa, lakini mfumo wa makumi na mamia ni ule ule. Ahmad ibn Majid, mwanamaji mashuhuri wa Julfar, ambayo leo ni sehemu ya Ras al-Khaimah, aliandika kitabu kikubwa cha unahodha karibu na mwaka 1490, na humo nyakati za kusafiri amezitaja kwa kuhesabu siku za Nairuzi. Aliijua pwani yetu hadi Sofala. (Hadithi kwamba yeye ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 wanahistoria wengi hawaikubali tena, lakini naona bado inafundishwa.)

Yako madhara ambayo sijaona mtu akiyataja. Kanuni nyingi za miongo zilizoandikwa vitabuni zilikusanywa na wageni katika karne ya 19, Nairuzi ikiwa Agosti. Tangu wakati huo imehama kwa siku 38, ambazo ni karibu miongo minne. Kijana akiisoma kanuni ya wakati ule kwamba jambo fulani lifanywe katika mwongo fulani, kisha akalifanya katika mwongo huo huo leo, atakuwa amewahi kwa zaidi ya mwezi mmoja, na mbegu zitakauka ardhini. Halafu atasema elimu ya wazee ilikuwa uzushi. Wazee walikuwa wakiirekebisha kanuni mwongo kwa mwongo, mzazi akimwelekeza mtoto kwa kumwonyesha upepo na mawingu. Kitabu hakifanyi hivyo.

Msoma Magofu

Naomba kugusa sehemu ya swali la kwanza ambayo haijajibiwa, nayo ni kama Washirazi ndio walioileta.

Kwamba Waajemi walifika pwani si jambo la kubishaniwa. Kizimkazi, ambayo iko kusini hiyo hiyo ya Unguja na si mbali na Makunduchi, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye mawe ya kibla, na tarehe iliyomo ni mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107 Miladia. Msikiti umejengwa upya baadaye, lakini maandishi ni ya kale, na wataalamu wameufananisha uchongaji wake na ule wa Siraf, bandari kubwa ya Kiajemi ya zama hizo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu waliozikwa katika miji ya kale ya Waswahili kati ya 1250 na 1800. Ulionyesha kwamba asili yao ya Kiafrika ilitoka zaidi kwa akina mama, kwamba sehemu kubwa ya asili yao ya Asia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na kwamba kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000.

Mtu mwepesi wa kuunganisha atasema hapo hapo: mwaka 1000 ndipo Nairuzi, kwa hesabu ya Mwalimu, ilipokuwa Machi, basi Washirazi waliondoka kwao na Nairuzi ya Machi mkononi, na sisi tukaihifadhi. Hoja inavutia, lakini mimi siitegemei. Wazee wa Mzee Kaskazi wangeweza kuipata Nairuzi kutoka kwa baharia yeyote wa Ghuba, Muajemi au Muarabu, katika karne yoyote kati ya hizo, kwa sababu ilikuwa kalenda ya kazi katika Bahari ya Hindi nzima. Ibn Majid alikuwa Muarabu, na aliitumia. Wakristo wa Kikopti wa Misri nao huuita mwaka wao mpya Nayruz, nao huuadhimisha tarehe 11 Septemba kwa kalenda ambayo ni ya Kimisri kabisa. Jina la sikukuu na hesabu yake husafiri bila kuhitaji watu kuhama kwa wingi.

Tena tutenganishe kalenda na yanayofanywa siku hiyo. Mgomba, kibanda cha makuti, ng'ombe wa kuzungushwa mji na nyimbo za kejeli si mambo ya Uajemi. Wapo wanaokimbilia kulinganisha kibanda cha Makunduchi na desturi ya Wairani ya kuruka moto katika mkesha wa Jumatano ya mwisho kabla ya Nowruz, lakini kuzima moto wa zamani na kuwasha mpya mwaka unapoingia ni jambo lililofanywa na jamii nyingi za Afrika Mashariki na Kati ambazo hazikuwahi kumwona Muajemi. Ninavyoona mimi, watu wa Unguja ya kusini walikuwa na sherehe yao ya kuufungua mwaka, na hesabu ya mabaharia ikawapa siku ya kuifanyia. Wanaosema sherehe nzima ni ya Kishirazi wanawanyima wenyeji kilicho chao.

Bint Kusini

Msoma Magofu, kwetu ukisema wewe si Mshirazi utaulizwa basi wewe ni nani. Lakini sehemu ya mgomba na nyimbo nakuunga mkono.

Mdadisi wa Tanga

Nawashukuru nyote. La mwisho: naona katika vitabu vya kuongozea watalii tarehe zinapishana, kimoja kinasema mwishoni mwa Julai na kingine katikati. Nani yuko sahihi? Na je, haingekuwa bora siku hiyo ikafungwa kwenye tarehe moja ili wageni wapange safari zao?

Mwalimu wa Falaki

Vitabu vya miaka ya 1980 vilikuwa sahihi kwa wakati wake viliposema wiki ya nne ya Julai, na vya leo viko sahihi vikisema katikati. Kosa ni kunakili kitabu cha zamani bila kukirekebisha.

Kuhusu kuifunga, mimi naipinga. Siku 365 ni wiki 52 na siku moja, kwa hiyo mwaka wa Nairuzi kila ukiingia husogea siku moja mbele katika wiki. Ukiingia Jumanne mwaka huu, utaingia Jumatano mwaka ujao, kisha Alhamisi, bila kuruka wala kurudi, na baada ya miaka saba duru huanza upya. Ndiyo njia rahisi mno ya kuhifadhi kalenda bila kuandika: mzee anatakiwa kukumbuka tu mwaka jana waliogea siku gani. Wazee wengi wa pwani walizoea hata kuutaja mwaka kwa siku ulioingilia. Ukiifunga sherehe kwenye tarehe moja ya Julai, kila unapokuja mwaka mrefu siku ya wiki itaruka mbili, na mnyororo huo utakatika.

Kipimo hicho kila mtu anaweza kukitumia. Kwa hesabu ya Qadimi, Nairuzi ya 2024 ilikuwa Jumanne tarehe 16 Julai, ya 2025 Jumatano tarehe hiyo hiyo, ya 2026 ni Alhamisi na ya 2027 ni Ijumaa. Mwaka 2028 Februari ina siku 29, kwa hiyo itakuwa Jumamosi tarehe 15. Dada Bint Kusini akituandikia Makunduchi waliogea siku gani ya wiki katika miaka hii ya karibuni, tutajua mara moja kama hesabu yao na hiyo ya Qadimi zimelingana siku kwa siku, au zimepishana kwa siku moja mbili.